Dhahabu iko Kakamega, hisa ziko London: Soma hii kabla ya kuingiza pesa za chama

Tangu bei ya dhahabu ipite dola 4,000 kwa aunsi mnamo Oktoba 2025, kuna stori moja ambayo vijana wamekuwa wakipiga kila mahali, kuanzia kibanda cha chai hadi mkutano wa chama. Stori ya hisa za kampuni ndogo za dhahabu. Si kununua dhahabu yenyewe, la. Dhahabu ni ghali, na Nairobi hii kila mtu anajua jamaa aliyeuziwa shaba iliyopakwa rangi. Hapa ni hisa: kampuni fulani iliyoandikishwa London, Toronto au Sydney, hisa moja inauzwa kwa bei ya peremende, na kuna mtu anasema mashine zake zimegonga mwamba wenye dhahabu.

"Buda, ingia saa hii. Ikifika shilingi kumi utakuwa unanililia."

Ukiuliza swali, unaambiwa wewe ni mwoga. Ukiuliza la pili, unaambiwa umetumwa. Basi tuyaulize hapa, ambapo hakuna wa kutufukuza.

Tuanze nyumbani. Kakamega imejua dhahabu tangu 1931, na mwaka uliofuata wazungu walimiminika kwa mamia wakiwa na sururu na karai. Serikali ya kikoloni ilibadilisha hata sheria ya ardhi ya wenyeji mnamo 1932 ili wachimbaji wapate nafasi. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Baada ya hapo zikabaki kamba na mashimo ya wachimbaji wadogo wa Ikolomani, ambao wengine wao leo ni watoto wa rika lako.

Sasa fuata karatasi. Kampuni ya Australia iliyoitwa Aviva ilikuwa na leseni za kutafuta dhahabu magharibi mwa Kenya. Mnamo 2012 leseni hizo zilinunuliwa na African Barrick Gold, ambayo baadaye ilibadilisha jina na kuwa Acacia. Mnamo 2019 Barrick ya Canada iliwanunua wenyehisa wengine wa Acacia na kuimeza yote. Mwaka uliofuata, 2020, ikauzia Shanta Gold mradi huo wa Kenya. Shanta ilikuwa kampuni ndogo yenye mgodi wa New Luika kule kusini-magharibi mwa Tanzania, na hisa zake ziliuzwa katika soko la AIM, London, ambalo ni la kampuni ndogo. Mwaka wa 2024 Shanta nayo ikanunuliwa yote na Saturn Resources, na hisa zake zikaondolewa sokoni.

Hesabu: wenyeji wa Isulu na Bushiangala wamelala juu ya dhahabu ileile, huku karatasi yake ikipita mikono mitano ndani ya miaka 12. Na muda huo wote, mgodi mkubwa ulikuwa bado haujachimbwa.

Kuna namba moja katika safari hiyo ambayo kila anayepiga stori za hisa za dhahabu angeibandika ukutani. Shanta iliponunua mradi huo, makadirio yalikuwa aunsi milioni 1.18 chini ya ardhi. Wakati huo, Agosti 2020, aunsi moja ilikuwa inauzwa karibu dola 2,000. Kwa hesabu ya kibandani, hiyo ni zaidi ya dola bilioni 2, sivyo? Shanta ililipa dola milioni 7 taslimu na hisa zake yenyewe za thamani inayokaribia hiyo, pamoja na ahadi ya asilimia 2 ya mauzo ya baadaye. Ukiacha hiyo asilimia, inakuja kama dola 12 kwa kila aunsi.

Barrick si wajinga. Ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa zaidi wa dhahabu duniani. Waliuza kwa bei hiyo kwa sababu aunsi iliyo ardhini si aunsi. Wataalamu huigawa kwa madaraja. Kuna rasilimali ya kukisiwa, ambapo mashimo ya utafiti yako mbalimbali na mtaalamu anaunganisha nukta kwa busara yake. Zile za Kakamega wakati huo zilikuwa katika daraja hili la chini kabisa. Kuna rasilimali iliyoonyeshwa na iliyopimwa, ambapo mashimo yamekaribiana. Halafu kuna akiba, ambayo ni ile sehemu iliyohesabiwa kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida baada ya kulipia umeme, dizeli, kemikali, mishahara, kodi na fidia ya ardhi. Mtu akikutajia aunsi bila kukutajia daraja, hajakwambia kitu.

Swali lingine ambalo watu hawapendi ni hili: kampuni ambayo haijauza hata gramu moja inakula nini? Inakula hisa. Haina mauzo, na benki haiwezi kuikopesha kwa sababu ya mwamba. Kwa hivyo kila ikitaka kuchoronga mashimo mengine inachapisha hisa mpya na kuziuza, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya sokoni ili wenye pesa nyingi wavutiwe.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ina hisa milioni 200, kila moja Sh1. Umetoa Sh20,000, una hisa 20,000. Kampuni inahitaji Sh50 milioni, kwa hivyo inatoa hisa mpya milioni 100 kwa senti 50. Sasa hisa ni milioni 300. Mwaka unapita, matokeo ni mazuri, thamani ya kampuni nzima inapanda kutoka Sh200 milioni hadi Sh240 milioni. Mnasherehekea? Gawanya: Sh240 milioni kwa hisa milioni 300 ni senti 80. Kampuni imepanda asilimia 20, wewe umeshuka asilimia 20. Sh20,000 zako zimekuwa Sh16,000, na hakuna aliyekuibia. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa, na iliandikwa kwenye taarifa ambayo hakuna aliyeisoma.

Kuna pia pengo la bei. Hisa zisizo na wanunuzi wengi huwa na bei mbili: unayonunulia na unayouzia. Ikiwa unanunua kwa Sh1 na anayetaka kununua kwako anatoa senti 80, umeshapoteza robo ya njia kabla hujatoka mlangoni... kwa kweli ni moja ya tano, lakini siku unayohitaji karo haraka inauma kama nusu.

Na zile taarifa za "mita 10 zenye gramu 3 kwa tani"? Nzuri, lakini uliza ndani yake mna nini. Mshipa mwembamba wa mita 1 wenye gramu 30 ukitandazwa juu ya mita 9 za mwamba mtupu unatoa jibu hilohilo. Mshipa wa mita 1 na mwamba wa mita 10 ni migodi miwili tofauti kabisa kwa gharama. Isitoshe, ukichoronga sambamba na mshipa badala ya kuukata, utaonekana mnene kuliko ulivyo. Kampuni zenye heshima husema upana halisi. Zisipousema, nyamaza na uendelee kusubiri.

Lakini hata mwenye kujua yote haya anaweza kuliwa, na kisa kikubwa zaidi ni cha Canada.

Bre-X ilikuwa kampuni ndogo ya Calgary iliyoendeshwa na David Walsh, mtu aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwake. Mnamo 1993, kwa ushauri wa mwanajiolojia John Felderhof, ilinunua eneo linaloitwa Busang ndani ya msitu wa Borneo, Indonesia. Hisa zilikuwa za senti tu. Mwanajiolojia mwingine, Michael de Guzman, akawa msimamizi wa uchorongaji. Matokeo yakaanza kuja, na kila yakija yalikuwa makubwa kuliko ya awali. Makadirio yalifika aunsi milioni 70. Felderhof alizungumzia hata milioni 200. Mwaka wa 1996 hisa zilivuka dola 280 za Canada, na kampuni ambayo haijawahi kuuza dhahabu ikawa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 6.

Walionunua hawakuwa matajiri pekee. Kuna mji mdogo wa Alberta unaoitwa St. Paul ambako stori ilipita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, watu wakanunua, wengine wakawa mamilionea kwenye karatasi. Na mifuko mikubwa ya pensheni, yenye wachanganuzi wa kulipwa, iliingia pia. Hilo huwa nalikumbuka kila nikisikia mtu akisema "wakubwa wameingia, kwa hivyo iko sawa".

Dalili zilikuwepo. Kwa kawaida nguzo ya mwamba inayotolewa na mashine hupasuliwa katikati: nusu inasagwa na kupelekwa maabara, nusu inahifadhiwa ili mwenye shaka aje apime. Busang walisaga karibu yote. Hakukuwa na nusu ya kurudia. Halafu chembe zenyewe za dhahabu zilikuwa za mviringo. Mchimbaji yeyote wa Ikolomani anayeosha mchanga mtoni angekwambia chembe ya mviringo imebingirishwa na maji. Iliyotoka kwenye mwamba huwa na kingo kali. Mtu alikuwa akinyunyizia sampuli dhahabu ya mtoni. Januari 1997 moto ulitokea Busang na kuteketeza kumbukumbu za kazi.

Mwezi Machi kampuni ya Freeport-McMoRan, iliyokuwa imekubali kuwa mshirika, ilichoronga mashimo yake mita chache tu kutoka yale ya Bre-X. Haikupata kitu cha maana. Tarehe 19 Machi 1997, de Guzman akiwa njiani kwenda kuwaeleza wenzake wa Freeport, alianguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu. Wiki moja baadaye matokeo yakatangazwa, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 80 kwa siku moja. Mei, wakaguzi huru wa Strathcona wakathibitisha kwamba Busang haikuwa na mgodi wowote.

Kinachonishangaza si wizi. Ni kwamba kati ya Machi na Mei, tayari Freeport wamesema, bado kulikuwa na watu wananunua. Waliamini kwamba kampuni kubwa inataka kuwatisha ili ichukue mali kwa bei ya chini. Ukishaweka pesa na kujitangaza mbele ya marafiki, kila habari mbaya inageuka njama.

Walsh alifariki 1998. Polisi wa Canada hawakumshtaki mtu kwa kosa la jinai. Felderhof alishtakiwa na wasimamizi wa masoko ya hisa na akaachiliwa kwa makosa yote mwaka wa 2007. Faida moja ilipatikana: tangu 2001, kampuni inayouza hisa Canada haiwezi kutangaza makadirio ya madini bila mtaalamu mwenye sifa kuweka jina lake, na ripoti yenyewe huwekwa wazi kwa kila mtu bure. Soma jina hilo kwanza. Angalia kama ni mwajiriwa wa kampuni au ni mtu wa nje.

Si kila hadithi ni ya wizi, na ni haki kusema hivyo. Shanta ilikuwa na mgodi halisi, ikauza dhahabu halisi, na mwaka wa 2023 ikaanza kuzalisha Singida pia. Desemba mwaka huo Saturn ilitoa peni 13.5 kwa kila hisa, kisha ikaongeza hadi 14.85. Aliyenunua kwa peni 10 alipata faida. Aliyenunua kwa peni 20 miaka ya nyuma akingoja Kakamega ichimbwe, alitolewa kwa hasara bila kuulizwa mara mbili. Chini ya utaratibu uliotumika, wenye asilimia 75 ya kura kwa thamani wakikubali, waliobaki hulazimika kuuza. Dhahabu ilipopita dola 4,000 mwaka mmoja na zaidi baadaye, wao walikuwa nje. Huenda ungekuwa sahihi kuhusu mwamba, sahihi kuhusu bei, na bado usipate kitu.

"Sasa Kenya tununue wapi?" Kwa sasa, Soko la Hisa la Nairobi halina kampuni ya kuchimba dhahabu. Kwa hivyo anayekuuzia hisa za mgodi wa Kakamega au Migori kwa M-Pesa anauza kitu ambacho hakiko kwenye ubao wowote hapa nchini. Orodha ya madalali wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Kuitazama ni dakika mbili.

Lakini Sheria ya Madini ya 2016 ina kipengele ambacho kibandani sijawahi kusikia kikitajwa. Sehemu ya 49 inasema kwamba mwenye haki ya uchimbaji ambaye mtaji wake unazidi kiwango kilichowekwa anapaswa kuorodhesha angalau asilimia 20 ya hisa zake katika soko la hapa nchini, ndani ya miaka 3 tangu aanze uzalishaji, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Na tangu Agosti 2025, NSE inakubali mtu kununua hata hisa moja, si lazima 100 kama zamani. Mgodi mkubwa wa Kakamega ukianza kutoa dhahabu, saa ya miaka hiyo mitatu itaanza kuhesabu, na kijana wa Bushiangala anayelipwa kwa siku kuvuta kamba ataweza kumuuliza mbunge wake tarehe.