Kupanga Saa ya Kamshafti Katika Injini ya Kale

Leo twapenda kunena juu ya kazi moja ambayo fundi aiundaye upya injini ya kale hana budi kuifanya kwa utulivu, nayo ni kupanga saa ya kamshafti. Mfano wetu ni Jaguar E-type, motakaa ya mwendo wa kasi iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, na kuonyeshwa Geneva mwaka 1961. Injini yake ya kwanza ilikuwa na silinda 6, na ujazo wake sentimita za ujazo 3,781. Juu yake zimelala kamshafti 2: moja ya vali za kuingiza hewa na petroli, na moja ya vali za kutoa moshi.

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu, na kila nundu ikifika mahali pake huisukuma vali ikafunguka. Pistoni hushuka mara 2 na kupanda mara 2 ili kuitimiza kazi yake: kuvuta, kushindilia, kusukumwa na moto, na kutoa moshi. Muda huo krenkshafti huzunguka mara 2, bali kila vali hufunguka mara 1 tu. Ndiyo sababu kamshafti huendeshwa kwa minyororo nusu ya mwendo wa krenkshafti.

Katika injini hii vali ya kuingiza hufunguka digrii 15 kabla pistoni haijafika juu kabisa, nayo hufungwa digrii 57 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Mtu aweza kuuliza, mbona imechelewa hivyo? Jibu ni kwamba hewa iliyokwisha kushika mbio haisimami ghafula. Huzidi kuingia ijapokuwa pistoni imeanza kupanda.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwanza, krenkshafti huzungushwa hata pistoni ya silinda ya 6 ifike juu kabisa, katika mwendo wa kushindilia. Silinda hiyo ndiyo ya mbele, kwa kuwa Jaguar walihesabu kuanzia nyuma. Pili, mnyororo hukazwa, maana mnyororo uliolegea hudanganya kipimo. Tatu, kila kamshafti ina mfuo. Kipimo maalum huingizwa humo ili isimame mahali pake hasa. Nne, kisahani chenye meno kilichomo ndani ya gurudumu la mnyororo huchomolewa na kuzungushwa hata matundu yake yaelekeane na ya kamshafti. Yasipoelekeana, kisahani hugeuzwa nusu ya mzunguko, kisha hujaribiwa tena. Kamshafti yenyewe isisogezwe ili kuyafuata matundu.

Hapa ndipo penye hatari. Kamshafti ikizungushwa peke yake, vali zaweza kugongana, au kugonga pistoni, zikapinda; na kazi ya miezi ikaharibika kwa dakika moja. Kwa hiyo, bolti zikiisha kufungwa, tuizungushe injini kwa mkono mizunguko 2 kamili, kwa upande ule inaoendea siku zote, kisha tupime tena. Ikikwama njiani, tusiilazimishe kwa spana ndefu, bali turudi tutafute sababu.

Chuma hakina huruma kwa mwenye pupa. Apimaye mara mbili huiwasha injini yake bila hofu.