Je, Wajua? Usingizi wa vipande katikati ya Atlantiki

Je, wajua kwamba wanaovuka Bahari ya Atlantiki kwa makasia kwa kawaida hawalali usiku mzima? Mashindano maarufu zaidi huanzia kisiwa cha La Gomera, Hispania, na kuishia Antigua katika Karibi, umbali wa kilomita zipatazo 4,800. Timu nyingi hufuata zamu: saa mbili kupiga makasia, saa mbili kupumzika, mchana na usiku, wiki baada ya wiki.

Saa hizo za mapumziko zina wadai wengi. Kuna kula, kujifuta chumvi, kutibu malengelenge ya viganja na vidonda vya makalio. Usingizi hupewa masalio, mara nyingi dakika 90 au pungufu. Heri kidogo: mzunguko mmoja wa usingizi wa binadamu huchukua takriban muda huohuo.

Kipindi kigumu ni kati ya saa nane usiku na alfajiri, joto la mwili linaposhuka. Hapo mtu husinzia kasia likiwa mkononi, au huona mauzauza. Wenyewe huyasimulia wakicheka, ila wakishafika nchi kavu! Hujizuia kusinzia kwa muziki, gumzo na vitafunio, na hujifunga kamba kwenye mashua wasije wakatumbukia.

Anayesafiri peke yake hana wa kumpokea zamu. Hulala mashua ikielea, akitegemea kengele ya kifaa kinachonasa mawimbi ya redio ya meli zinazokaribia. Upepo ukivuma kutoka mbele, hushusha majini nanga ya kitambaa iliyo kama mwavuli, isije ikawa anaamka amerudishwa nyuma.