Mwenye kibanja yuko Dar, mtunzaji yuko Maruku: Ahadi ni deni

KATIKA vijiji vya Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, si ajabu kukuta kibanja kizuri cha migomba na kahawa ambacho mwenyewe hayupo. Anafanya kazi au biashara Dar es Salaam au Mwanza, na nyumbani huja mwisho wa mwaka. Siku nyingine zote kibanja kiko mikononi mwa mtunzaji, ambaye mara nyingi ametoka wilaya nyingine au nchi jirani kutafuta kazi.

Huyu ni mfanyakazi kama wengine, ila bosi wake yuko mbali. Taabu yake kubwa huwa si jembe, bali yale aliyoyatarajia siku anachukuliwa kazini na hayakutimia.

Makubaliano mengi hufanyika kwa mdomo, mwajiri akiwa na haraka ya safari. Akisema "utakula humo humo shambani", yeye ana maana kwamba ndizi ni sehemu ya mshahara. Mtunzaji anaelewa kuwa ni nyongeza. Maharage aliyopanda katikati ya migomba anajua ni yake. Desemba mwajiri anafika na kuuliza yako wapi. Panga jipya na buti alivyoahidiwa havijaonekana, na mshahara wa mwezi unakuja baada ya miezi miwili. Juu ya hayo, ndugu wa mwenye kibanja hupita kukata mikungu, kila mmoja na amri yake. Ndizi zikipungua, anayeulizwa ni mtunzaji.

Mtu wa namna hiyo huishi kwa wasiwasi. Akiwa mgeni kijijini, hana wa kumweleza. Simu ikilia anajua ataulizwa ndizi na kahawa, si afya yake. Akiugua, hajui aombe msaada kwa nani. Mwishowe hukata tamaa.

Hasara huonekana shambani

Mnyauko bakteria wa migomba, uliobainika Kagera katika miaka ya 2000, hauna dawa. Huzuiwa kwa kuondoa ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, kusafisha panga kwa moto, na kung'oa mapema mgomba unaoumwa. Mwajiri aliye mbali hawezi kuona kama kazi hizo zimefanyika. Anategemea moyo wa mtunzaji tu.

Kwenye kahawa nako, mtunzaji asiyelipwa ni rahisi kushawishiwa na wanunuzi wa butura, yaani kahawa kuuzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Mwenye kibanja anaita wizi. Mtunzaji anaona amejilipa. Wote wawili wamepata hasara.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa za kazi, mshahara na malipo mengine, yawe ya fedha au vitu. Asiyehusika ni anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Shauri likifunguliwa na mwajiri hana maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwa hiyo karatasi humlinda mwajiri pia.

Ukurasa mmoja unatosha, usomwe mbele ya shahidi kijijini. Uandike tarehe ya mshahara, ambao siku hizi hutumwa kwa simu. Nani mwenye maharage. Mikungu mingapi ni ya chakula. Vifaa vitafika lini. Likizo, ambayo kisheria ni siku 28 kwa mwaka. Na ndugu mmoja tu mwenye ruhusa ya kutoa maagizo na wa kukimbiliwa wakati wa ugonjwa.

Mfanyabiashara aliyeweka kijana dukani au ghalani kijiji cha mbali naye afanye hivyo hivyo. Na akipiga simu, aanze kwa kumuuliza hali yake kabla ya kuuliza mauzo.