Blanketi, Jiko na Joto la Usiku

Mnamo Juni na Julai, katika nyanda za Njombe na Makete, sakitu huonekana majanini alfajiri. Wenyeji husema blanketi "lina joto". Kisayansi sivyo: mwili wa mtu mzima aliyelala ndio utoao joto, kadiri ya wati 80, nalo blanketi hulichelewesha tu lisipotee. Nyuzi zake hunasa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo hupitisha joto kwa shida sana. Ndiyo maana blanketi lililolowa halifai kitu.

Jiko la mkaa huzalisha joto kweli, lakini tulitazame kwa makini. Hewa iingiayo chini huunguza kaboni na kufanya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo, ikipanda kati ya makaa mekundu, hugeuka kaboni monoksaidi. Ule mwali wa buluu juu ya makaa ni gesi hii ikiungua. Mwali ukizimika, gesi huenea chumbani, haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Mkaa uliokolea usio na moshi, ambao watu huuona salama, ndio unaoua. Aliyelala haamki; huzidi kusinzia.

Basi jiko lichemshe maji, kisha libaki nje. Lita 1 ya maji ndani ya chupa iliyofungwa vyema, ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 za Selsiasi, hutoa kilojuli 126 chini ya blanketi: karibu joto la mwili uliolala kwa dakika 26.