Hatari Inayokuja Baada ya Arosto

Familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zikigundua kijana wao anatumia unga, yaani heroini, humfungia chumbani. Uji unapitishwa mlangoni, ndugu wanalinda zamu, na wiki ikiisha anatolewa akiwa ameoga na anakula vizuri. Watu wanashukuru Mungu. Kumbe hapo ndipo yuko karibu zaidi na kifo.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ambayo hushika sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu, raha na pumzi. Ubongo nao hujirekebisha ili uweze kufanya kazi hivyo hivyo, na ndiyo sababu kete iliyomlewesha mtu mwanzoni baadaye haimtoshi hata kuamka. Unga ukikosekana kwa saa 6 hadi 12 hivi, arosto inaanza: miayo, makamasi, kuharisha, mifupa kuuma. Siku ya 2 na ya 3 ndizo kali zaidi. Ni mateso, lakini mara chache huua mtu asiye na maradhi mengine, mradi asiishiwe maji mwilini. (Pombe ni habari nyingine kabisa. Mnywaji wa kutwa akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo apelekwe hospitali, asifungiwe.)

Baada ya siku kadhaa bila unga, mwili unapoteza ule uzoefu wa kuhimili unga, ila hamu inabaki. Siku moja anapita maskani, anakutana na wenzake, anachukua kipimo chake cha zamani. Sasa kipimo hicho ni kikubwa kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Analala, anakoroma kwa shida, midomo inabadilika rangi, pumzi inakata. Walio karibu hudhani amepitiwa na usingizi tu. Wanaotoka gerezani nao huwakuta hayohayo.

Ndiyo maana naiona methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya unga, kuwa njia bora kuliko kufuli. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, na kliniki nyingine zikafuata bara, Zanzibar na pwani ya Kenya. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Dawa hushika sehemu zilezile za ubongo, lakini taratibu, na dozi moja humtosha siku nzima bila arosto. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao: anayekunywa dozi iliyopimwa vizuri anaweza kwenda kazini, hachomi sindano ya kuchangia, na mwili wake haupotezi uzoefu kwa ghafla. Kikwazo ni nauli ya kila siku, na hapo familia ina kazi ya maana kuliko kulinda mlango.

Kama tayari umemfungia wako, usimfungulie kimya kimya. Mwambie waziwazi kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumuua, kisha mwende wote kliniki siku hiyohiyo.