"Usimwambie mama": jinsi watoto wanavyonaswa kwenye simu

Msikilizaji wetu, katika kaya nyingi vijijini simu janja ni moja, nyumba nzima inaitumia. Baba akirudi shambani, mtoto anaichukua atazame katuni au achati na wenzake. Humo humo ndimo mhalifu anamoingilia.

Mara nyingi haanzi kwa vitisho. Anaanza kwa salamu, sifa na zawadi ndogo: vocha, bando, ahadi ya ada. Anajiita mwanafunzi, kumbe ni mtu mzima. Wakati mwingine ni mtu ambaye familia inamfahamu. Akishaaminiwa, anasema: "Haya ni yetu wawili, usimwambie mama." Kisha anaomba picha ya utupu. Akiipata, anageuka: tuma nyingine, lete pesa au tukutane, la sivyo naisambaza.

Hapo mtoto ananyamaza. Anaogopa kipigo cha nyumbani kuliko anavyomwogopa yule mtu. Ukimya huo ndio silaha ya mhalifu.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja.

Je, tuwanyang'anye simu? Mtoto ataazima ya jirani, na siri itabaki palepale. Tunashauri haya:

Kwanza, mwambie leo, kabla ya tatizo: "Mtu yeyote akikuomba picha au akikwambia ufiche jambo, njoo uniambie. Sitakuchapa."

Pili, akikueleza, usifute kitu. Hifadhi namba, jina la akaunti na jumbe zote, maana ndio ushahidi. Usimlipe mhalifu, akilipwa hurudi kudai tena. Wala usirushe picha ya mtoto kwenye kundi lolote, hata kwa nia ya kuomba msaada. Kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Tatu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Kosa ni la aliyemrubuni, si la mtoto. Mtoto akilijua hilo mapema, atakuja kwako kabla mambo hayajaharibika.