Mbwa wako ananuka mdomo? Hiyo si kawaida

Ukipita Obunga jioni, mgongo wazi ikikaangwa, utawaona wamejipanga: paka wawili watatu na mbwa wa mtaa, macho yote kwa karai. Kisumu wanyama wengi wa nyumbani huishi kwa kinachobaki. Kichwa cha mbuta, miiba ya ngege, omena, ugali wa jana. Ndiyo maana ukimwambia rafiki yako mbwa wake ananuka mdomo, atakucheka. "Si ni mbwa? Ulitaka anukie nini, marashi?"

Harufu ya samaki huisha baada ya muda. Ile isiyoisha, inayokufanya ugeuze uso Simba akija kukulamba, hutoka kwa bakteria. Wanajenga utando laini kwenye meno, na usipoondolewa, ndani ya siku chache unaanza kuwa ukoga mgumu wa rangi ya kahawia. Ukoga ukiingia chini ya fizi, fizi zinavimba, zinatoa damu, na mfupa unaoshikilia jino unaliwa polepole. Mbwa na paka wengi huwa na dalili za ugonjwa huu wakifika miaka 3 hivi. Na wanajua kuficha maumivu, we acha tu. Atakula upande mmoja, ataangusha chakula, wewe utadhani anaringa.

Kwa hivyo mkague. Akiwa ametulia, inua mdomo wa juu kidogo tu. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi yako. Paka ana 30. Angalia magego ya nyuma, ndiko ukoga huanzia. Na ukiona uvimbe chini ya jicho la mbwa, usikimbilie dawa ya macho. Mara nyingi ni usaha kwenye mzizi wa gego kubwa la juu, na hauponi mpaka jino lishughulikiwe.

Mifupa nayo? Wengi huamini inasafisha meno. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na mgumu sana unaweza kuvunja jino. Mwiba wa samaki hukwama kwenye fizi au kooni. Paka anayejikwarua mdomo kwa mguu na kukataa chakula asingoje wiki; akikaa siku kadhaa bila kula, ini lake linaweza kuharibika.

Sasa hapa tulia usome vizuri. Mbwa anayetokwa na mate mengi, taya limelegea, hawezi kumeza, anaonekana kabisa kama aliyekwamwa na mfupa. Inaweza kuwa ni mfupa kweli. Inaweza pia kuwa kichaa cha mbwa, ambacho Kenya inalenga kukimaliza ifikapo 2030, na ambacho husafiri ndani ya mate hayo hayo. Usimtie mkono mdomoni, hata kama umemlea tangu akiwa mtoto. Mfungie mahali, zuia watoto, piga simu kwa daktari wa mifugo. Ikiwa tayari amekuuma, au mate yake yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kung'oa jino au kukwangua ukoga ipasavyo kunahitaji nusukaputi, kwa hivyo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, si ya jamaa wa mtaa mwenye koleo. Ndiyo, inagharimu. Na usimpe dawa zako za maumivu: parasetamoli humuua paka.

Kupiga mswaki ni rahisi zaidi, ila si kwa dawa yako ya meno. Mbwa hatemi, anameza, na zingine zina zailitoli, sukari ambayo ni sumu kwake. Tumia mswaki laini wa mtoto na maji, au dawa ya meno ya wanyama ukiipata. Anza angali mdogo. Siku za kwanza chovya kidole kwenye mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho humdhuru, umsugue meno ya mbele tu, sekunde chache, kisha umwache akacheze.